WAJIBU WATOKA WAPI?

Neno "wajibu" twalisikia kila siku. Twalisikia shuleni, barazani, katika mikutano ya kijiji, na hata kilabuni mtu akianza kuwalaumu jirani zake. "Ni wajibu wako kulea watoto." "Ni wajibu wako kulipa deni." Lakini ni mara chache mtu kuuliza: Wajibu huo watoka wapi? Nani amenifunga nao? Je, ni hofu ya mgambo na mahakama? Ni aibu mbele ya majirani? Ni faida nitakayoipata baadaye? Au ni kitu kingine kilicho ndani yangu mwenyewe, ambacho hata nikiwa peke yangu usiku, mlango umefungwa na taa imezimwa, kingali kinanidai?

Swali hilo si la wenye vyuo vikubwa tu. Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba huku Kagera, na kwa miaka 11 nilikuwa karani wa mizani katika chama chetu cha msingi. Nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa Ulaya aliyelifikiri swali hilo kwa bidii kubwa, kisha nilipime neno lake kwa mambo ya kijijini kwetu. Maana neno juu ya wema likiwa halifai kijijini, sijui litafaa wapi.

MTOTO WA FUNDI WA HATAMU

Jina lake ni Immanuel Kant. Alizaliwa tarehe 22 Aprili 1724 katika mji wa Königsberg, nchi ya Prussia, karibu na bahari ya Baltiki. Mji huo siku hizi waitwa Kaliningrad, nao umo katika nchi ya Urusi. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza hatamu na mikanda ya farasi. Nyumba yao haikuwa ya kitajiri, bali ilikuwa ya watu wacha Mungu, Wakristo wa Kilutheri. Mama yake alikufa mwaka 1737, mtoto akiwa na miaka 13. Naye alimkumbuka mpaka uzeeni, akisema kwamba mama ndiye aliyepanda ndani yake mbegu ya kwanza ya mema.

Baba naye alifariki mwaka 1746. Kijana akaenda mashambani kufundisha watoto katika nyumba za watu wenye mali. Kisha alirudi mjini, na mwaka 1755 akaanza kufundisha chuoni, akiishi kwa ada walizomlipa wanafunzi wake. Alipopewa uprofesa mwaka 1770 alikuwa akikaribia miaka 46. Hakuoa. Hakusafiri mbali na mji wake, ingawa aliwafundisha wanafunzi wake jiografia ya dunia nzima. Mtumishi wake, aliyekuwa askari zamani, alimwamsha kila siku saa 11 alfajiri. Alifariki tarehe 12 Februari 1804.

Mtu huyo alitoa kitabu kidogo mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, na kingine mwaka 1788. Mimi sikuvijua mpaka nilipoelezwa na mwalimu mmoja wa kwetu aliyepata kusoma falsafa seminarini. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la ghala tukingoja lori la kahawa, nalo lilichelewa sana. Basi tukapata nafasi ya kuzungumza.

MWENYE DUKA NA MTOTO ALIYETUMWA

Kant anatoa mfano wa mwenye duka. Mtu huyo ana bei moja kwa wote. Hata mtoto mdogo akitumwa dukani, hauziwi kwa bei ya juu kwa sababu hajui. Je, mwenye duka huyo ni mtu mwema? Kant anasema: Ngoja kwanza. Pengine anafanya hivyo kwa kuwa anajua biashara. Akimdanganya mtoto leo, kesho mama yake atakwenda duka la pili. Tendo lake ni sawa kabisa na wajibu, lakini halikutoka katika wajibu. Limetoka katika faida.

Neno hilo lilinigusa mimi mtu wa mizani. Ninyi wakulima mwajua mambo ya mizani. Bibi kizee analeta gunia lake, amelibebesha mjukuu. Hasomi tarakimu. Macho yake yanatazama uso wa karani, hayatazami mshale. Karani akisema "kilo 42," basi ni 42, hata kama mshale umesema 44. Bwana mmoja mwenye cheo aliwahi kunishauri nipunguze kilo moja tu katika kila gunia, "ya vumbi," akasema, tugawane mwisho wa msimu. Nilikataa, naye alinichukia mpaka alipohamishwa.

Lakini nawauliza, wasomaji: karani anayekataa jambo hilo anakataa kwa nini? Wako wanaokataa kwa kuogopa mkaguzi. Siku mkaguzi akiwa mgonjwa, gunia la bibi lapungua. Wako wanaokataa kwa kutaka sifa. Siku hakuna wa kuwasifu, gunia lapungua. Wako wanaomhurumia bibi, na huruma ni kitu chema. Lakini siku akija mkulima mwenye matusi na kiburi, huruma haipo, na gunia lake lapungua. Wajibu uliojengwa juu ya hofu, sifa au huruma peke yake ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga. Kilo 44 ni kilo 44, awe bibi kizee au mwenye matusi, awepo mkaguzi au asiwepo.

AMRI ISIYO NA "IKIWA"

Kant aligawa amri katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni amri zenye "ikiwa". Ikiwa wataka kahawa nyingi, palilia na uweke matandazo. Ikiwa wataka afya, chemsha maji ya kunywa. Amri hizo zamhusu yule anayekitaka kitu kile. Asiyelima kahawa hafungwi na amri ya kupalilia mibuni.

Fungu la pili ni amri isiyo na "ikiwa". Usimdanganye mwenzako. Hapo haisemwi "ikiwa wataka kuaminiwa" wala "ikiwa waogopa kukamatwa". Yamfunga kila mwenye akili, popote alipo, apende asipende.

Lakini tutaijuaje amri ya namna hiyo? Kant anatoa kipimo, nacho nakieleza kwa maneno yangu: Kabla hujatenda, litazame lile shauri ulilo nalo moyoni. Kisha jiulize kama waweza kutaka lishikwe na watu wote kuwa sheria. Likisimama, tenda. Likijivunja lenyewe, liache.

Chukua habari ya kukopa. Mtu ana shida, anakwenda kwa jirani kuomba fedha. Anaahidi kulipa wakati wa mavuno, hali anajua moyoni kwamba hatalipa. Shauri lake ni hili: "Nikiwa na shida naweza kuahidi uongo." Haya, lifanye kuwa sheria ya kijiji kizima. Kila mwenye shida aahidi uongo. Je, ni nani atakayekopesha? Hakuna. Neno "nitalipa" litakuwa kichekesho. Tazama basi: uongo wa yule mmoja waweza kufaulu kwa sababu tu wengine husema kweli. Anakula uaminifu wa wenziwe bila kuchangia kitu, kama mtu anayekuja na kijiko kwenye chungu cha wengine. Jambo hilo twaliona kwa akili tu, hata kabla ya kutazama hasara wala faida.

AMANA YA MAREHEMU

Mfano wa Kant ninaoupenda kuliko yote aliuandika mwaka 1793. Mtu amewekewa amana. Mwenyewe amekufa, na warithi hawajui kitu. Tena yule mwenye kushika amana ameingia katika umaskini bila kosa lake, mke na watoto wana njaa. Na warithi ni matajiri wasio na huruma, wapotevu wa mali, hata kuwapa fedha hizo ni sawa na kuzitupa baharini. Je, anaruhusiwa kuzitumia? Kant anasema hata mtoto wa miaka 8 au 9 atajibu: Hapana. Si zake.

Mwalimu aliponieleza hayo nilinyamaza kidogo, maana nilikuwa nayajua kwa njia nyingine. Mwaka 1998, baada ya msimu wa kahawa, jirani yangu mmoja, mjane mwenye wana wawili mjini, aliniletea fedha katika kopo la maziwa ya unga. Zilikuwa Sh. 180,000. Alikuwa anakwenda hospitali, wala hakutaka kuziacha nyumbani. "Ndugu yangu, niwekee. Usimwambie mtu." Hakurudi akiwa hai. Tulimzika, tukakaa matanga, vijana wake wakaja, wakagawana vyombo na mbuzi. Hakuna aliyeuliza habari za kopo.

Wakati huo binti yetu alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na ada hatukuwa nayo. Mke wangu nami tuliongea usiku. Akasema, "Baba watoto, fedha hizi wale vijana watazinywa kwa wiki mbili. Marehemu mwenyewe alimpenda mtoto wetu. Tukizitumia kwa ada, si ndiyo kazi njema kuliko pombe?" Nami sikuwa na jibu upesi, maana alilosema lilikuwa kweli. Ndipo yeye mwenyewe, baada ya kukaa kimya, akasema tena: "Lakini kama ungekufa wewe, na kopo lako likawa kwa jirani, naye akawaza hivi juu ya watoto wetu, ningeonaje? Na kila jirani akiwaza hivi, nani tena ataweka kitu kwa mwenzake?" Mke wangu alisoma mpaka darasa la nne. Jina la Kant hakupata kulisikia.

Asubuhi tulimwita mzee wa ukoo na vijana wote wawili, tukazihesabu fedha mbele yao. Mkubwa alizipokea, akanitazama, akauliza: "Ni hizi tu?" Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yetu. Kwa muda mrefu baadaye niliyasikia maneno kilabuni kwamba kopo lilikuwa limejaa zaidi. Binti yetu alianza shule akiwa amechelewa wiki tatu, tulipokwisha kuuza mbuzi. Yule mkubwa alizinywa za kwake, kama tulivyotabiri. Mdogo alinunua baiskeli ya kubebea ndizi.

Watu wengine wakisikia habari hiyo hufurahia baiskeli, wakisema, "Unaona! Yametoka mema." Mimi sikubali. Kama wote wawili wangalizinywa, bado zilikuwa zao. Wajibu wetu haukungoja baiskeli ili uwe wa haki. Wala haukuharibiwa na lile swali la "Ni hizi tu?"

HATARI SI UJINGA, NI VISINGIZIO

Hapa ndipo lilipo neno kubwa ambalo Kant anawapa watu wa vijijini. Alisema wazi kwamba mtu wa kawaida hahitaji falsafa ili ajue ni lipi limpasalo kutenda. Akili yake yatosha. Katika mambo ya wajibu aweza kuona vizuri kama mwanafalsafa, na mara nyingine vizuri zaidi, maana hachanganyikiwi na maneno mengi.

Kama ni hivyo, falsafa yatufaa nini? Kant anajibu kwamba binadamu ni hodari wa kujitetea mbele ya akili yake mwenyewe. Amri ni nyeupe, lakini tamaa huanza kuijadili: "Ni mara hii tu." "Kila mtu anafanya." "Nitazirudisha." "Hali yangu mimi ni ya namna nyingine." Mizani ni nzima, ila kidole kimelala juu yake. Kazi ya fikira ni kukiona kidole hicho na kukiondoa.

Msomaji aweza kuuliza: "Je, huyu mtu alidharau upendo? Mama anayeamka usiku wa manane kumnyonyesha mtoto, anafanya kwa wajibu au kwa upendo?" Kwa upendo, na upendo huo ni baraka. Kant hakusema furaha katika kutenda mema ni kosa. Alisema furaha haiwezi kuwa msingi, kwa sababu yaja na kuondoka. Kila mzazi ajua kwamba uko usiku ambao upendo umechoka kabisa, mwili hautaki, na mtoto analia. Anayeamka usiku ule ndiye aliyefika kwenye mwamba.

MTU SI CHOMBO

Kant alilieleza neno lake kwa njia ya pili pia: Mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu, maana kila mtu ana lengo ndani yake mwenyewe. Vitu vina bei, lakini mtu ana heshima isiyo na bei. Twatumiana, hilo halina budi. Karani amtumia mkulima, na mkulima amtumia karani. Ubaya ni kumtumia mtu kama jembe, bila kukumbuka kwamba naye ana akili na mambo yake.

Hapo tuwafikirie wale wasichana wetu wanaochukuliwa vijijini kwenda kufanya kazi za nyumbani mjini. Wako wanaotendewa vema kama watoto wa nyumba. Lakini wako wanaoamka kabla ya wote, wanaolala baada ya wote, na mshahara wao "umewekwa" miezi sita bila kuonekana. Mwenye nyumba atasema, "Nimemlisha." Hata punda hulishwa.

Lazima nieleze na upande mwingine, maana nimewaambia mizani haipendelei. Kant huyu huyu, katika kitabu cha mwaka 1764, aliandika maneno ya dharau juu yetu watu weusi. Ni aibu kubwa kwa mtu aliyefundisha kwamba kila mwenye akili ana heshima. Uzeeni, katika kitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani, aliyalaumu mataifa ya Ulaya kwa kuingia nchi za wengine na kuwahesabu wenyeji kuwa si kitu, akalaani na utumwa wa visiwa vya sukari. Lakini maneno ya kwanza yamebaki vitabuni. Basi tuseme hivi: fundi alitengeneza mizani nzuri, naye alipopanda juu yake, mshale ukamwonyesha amepungua. Mizani haikuwa mbovu kwa sababu hiyo.

Kwa Wakatoliki tena ni vema kujua kwamba mwaka 1827 tafsiri ya Kiitaliano ya kitabu chake kimoja, kile kikubwa juu ya mipaka ya akili, iliingizwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Orodha yenyewe iliacha kuwa sheria mwaka 1966. Juu ya dhamiri hatukungoja Kant. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi juu ya sheria iliyoandikwa mioyoni hata mwa wasioipokea Torati, na Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba akili ya mtu hushiriki sheria ya Mungu. Kant alitafuta msingi katika akili yenyewe, na hapo njia zao zatofautiana. Lakini juu ya amana ya marehemu, wote watatu wangempa mke wangu jibu moja.

SWALI LILILO GUMU

Liko jambo ambalo siwezi kumfuata Kant. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata mwuaji akija mlangoni kuuliza kama rafiki yako amejificha ndani, huruhusiwi kumwambia uongo. Sisi wa Kagera twaona uzito wa neno hilo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, kwa muda wa siku moja hivi. Huko walikotoka, wauaji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Na walikuwako watu waliowaficha jirani zao darini na mashimoni, wakasema mlangoni, "Humu hamna mtu."

Mimi nasema watu wale walitimiza wajibu. Tena naona neno la pili la Kant lawatetea mbele ya neno lake la tatu. Mwuaji anayeuliza mlangoni anataka kuufanya ulimi wangu kuwa panga lake. Anataka nimtoe jirani kama kitu. Kumlinda asiye na kosa ni amri isiyo na "ikiwa". Lakini tuangalie tusiufanye mlango ule kuwa kisingizio. Karani mwenye kupunguza kilo, na mkopaji mwenye kuahidi uongo, hawana mwuaji mlangoni.

NENO KWA WAZAZI

Kant aliamini kwamba watoto wafundishwe wajibu kwa kuulizwa maswali, waamue wenyewe kwa akili zao, kuliko kukaririshwa tu. Jaribuni jioni moja, baada ya chakula. Waelezeni habari ya kopo la marehemu, wala msiwape jibu. Wekeni na yale magumu yote: ada haipo, warithi ni walevi, hakuna ajuaye. Kisha mwulizeni mdogo kwanza, ndipo wakubwa wafuate.

Sisi tulijaribu kwa wajukuu. Wa miaka 15 alianza kutafuta njia: tungekopa kidogo, tungewapa warithi nusu. Wa miaka 8 alimtazama kaka yake kwa mshangao, akasema, "Lakini kopo si letu." Kaka yake akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Bibi yao aliinuka akaenda kuchochea moto, nasi tukaendelea na mazungumzo mengine.